Kazi Kubwa Ikatwe Wapi? Maoni juu ya Programu za Kufuatilia Kazi na Funzo la Miteremko ya Usambara

Katika nchi yetu si ajabu kuona kuta za darasa zimesimama hadi usawa wa lenta, hazina paa, na nyasi zimeota ndani. Majengo ya namna hii tumeyazoea hata tumeyapa jina: maboma. Watu wakiulizwa sababu, aghalabu hutaja uhaba wa fedha. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maboma mengi huzaliwa siku ile ya kwanza kazi inapogawanywa, na kwamba watengenezaji wa programu za kompyuta, ambao hawajengi kwa matofali, wamelichunguza tatizo hili kwa muda mrefu na kulitafutia utaratibu. Utaratibu huo unastahili kufundishwa katika shule zetu za sekondari. Ili kuupima, tutautazama katika milima ya Usambara, hasa wilaya ya Lushoto, ambako kazi kubwa ya kuhifadhi udongo imegawanywa kwa njia mbalimbali tangu mwaka 1946.

Daftari la kazi ndani ya kompyuta

Programu kubwa ya kompyuta hutengenezwa na watu wengi kwa miaka mingi. Hakuna mtu mmoja awezaye kuishika yote kichwani. Kwa hiyo watengenezaji hutumia programu nyingine, ambayo kazi yake ni kuweka daftari: nini kinatakiwa kufanywa, nani amekichukua, kimefika wapi, na kipi kinakizuia kingine. Miongoni mwa programu hizo za kufuatilia kazi, inayojulikana sana ni Jira, iliyotolewa mwaka 2002 na kampuni ya Atlassian ya Australia. Zipo pia zinazopatikana bure, kama vile Redmine, iliyoanza mwaka 2006.

Ndani ya daftari hilo kila kazi ni kadi. Kadi huwekwa kwenye ubao wenye safu, ambazo kwa kawaida ni tatu au zaidi: zinazosubiri, zinazofanywa, zilizokamilika. Mtu akianza kazi, kadi husogezwa. Akimaliza, husogezwa tena. Ubao wa namna hii hauhitaji elimu ya kompyuta kuuelewa, na kwa kweli hauhitaji hata kompyuta.

Programu hizi zimeenea pamoja na mtindo wa kazi uitwao ajaili, yaani wepesi wa kugeuka. Hapo zamani mradi wa kompyuta ulipangwa kwa hatua kubwa zinazofuatana: kwanza mahitaji yote yaandikwe, kisha michoro yote ichorwe, kisha programu yote iandikwe, na mwisho yote ijaribiwe. Mtumiaji alisubiri mwaka mmoja, miwili au zaidi, na aghalabu alipokabidhiwa kitu alikuta sicho alichohitaji. Mwezi Februari mwaka 2001 wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakatoa tamko la kupinga desturi hiyo. Mojawapo ya kanuni zao ni kwamba maendeleo ya mradi yapimwe hasa kwa programu inayofanya kazi, ambayo mtu anaweza kuitumia.

Utendi, ubeti na mshororo

Katika daftari la namna hii kazi hupangwa kwa ngazi. Juu kabisa ipo kazi kubwa isiyoweza kumalizwa katika wiki mbili au tatu. Chini yake zipo kazi za kadiri, ambazo watengenezaji huziita hadithi, kwa sababu kila moja husimulia kwa ufupi ni nani anayetaka kufanya nini na kwa faida gani. Chini ya hadithi vipo vijikazi, ambavyo mtu mmoja aweza kuvimaliza kwa saa chache au siku moja.

Kazi ile kubwa ya juu Waingereza wameipa jina la utungo mrefu wa kishujaa, na wanafunzi wengine husema epiki. Mike Cohn ni mmoja wa waandishi walioueneza msamiati huu, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu hadithi za watumiaji. Kwa bahati njema sisi tunalo neno letu lenye maana ile ile: utendi. Tena neno letu linafaa zaidi, kwa kuwa limetokana na kitenzi kutenda. Katika makala haya nitaliita jambo hilo utendi wa kazi, na nawaomba walimu walijaribu neno hili darasani.

Ulinganisho huu una manufaa zaidi ya jina. Mwanafunzi wa fasihi anajua kwamba utendi una mamia ya beti, na kwamba desturi ya washairi wetu ni kila ubeti ujitosheleze: uwe na wazo lililokamilika, hata ukisomwa peke yake uwe na maana. Mtunzi hapangi kazi yake kwa kuandika kwanza vina vya mwisho vya beti zote mia tano, kisha mwezi unaofuata aandike maneno ya katikati, na mwezi wa tatu aongeze mwanzo wa mishororo. Akifa katikati ya kazi ya namna hiyo, anaacha rundo la vina. Akitunga ubeti baada ya ubeti kisha akafa, ameacha utenzi mfupi unaosomeka.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kila kazi kubwa yaweza kukatwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuikata kwa tabaka, yaani kwa aina ya shughuli: misingi yote, kuta zote, mapaa yote. Ya pili ni kuikata kwa beti, yaani kwa vipande ambavyo kila kimoja kina kila tabaka ndani yake, na kinapokamilika kinampa mtu fulani kitu cha kutumia. Njia ya kwanza hupendeza machoni pa mpangaji, kwa sababu inafanana na orodha ya mafundi. Njia ya pili ndiyo ambayo daftari la ajaili linaidai.

Mfano wa zahanati

Tuchukue mfano wa kufundishia. Zahanati zetu hutoa kila mwezi taarifa za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya: watoto wangapi wamechanjwa, wajawazito wangapi wamehudhuria kliniki, na kadhalika. Tuseme tumepewa utendi huu: zahanati iliyoko mlimani iweze kutuma taarifa za mwezi kwa njia ya kompyuta.

Timu inayokata kwa tabaka itaandika kadi tatu: kutengeneza hifadhidata ya taarifa zote, kuandika kanuni zote za kukokotoa, kuchora kurasa zote za kujazia. Kila kadi itachukua miezi. Kwa muda huo muuguzi wa zahanati hataona chochote, wala hataweza kusema, "Hapa mmekosea."

Timu inayokata kwa beti itaandika hivi. Hadithi ya kwanza: muuguzi ajaze idadi ya watoto waliochanjwa surua mwezi huu, na mganga mkuu wa wilaya aione idadi hiyo. Hadithi ya pili: muuguzi afanye vivyo hivyo kwa wajawazito waliohudhuria kliniki. Hadithi ya tatu: muuguzi aliyekosea aweze kusahihisha, na sahihisho lionekane. Hadithi ya nne: muuguzi ajaze bila mtandao, na taarifa iende yenyewe mtandao unapopatikana. Kila moja ya hadithi hizi ina hifadhidata kidogo, kanuni kidogo na ukurasa mmoja. Hadithi ya kwanza ikikamilika, chanjo ya surua tayari inaripotiwa. Na huenda baada ya wiki mbili muuguzi akasema kwamba hadithi ya nne ndiyo iliyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa kituo chake kiko nyuma ya mlima na mtandao haufiki. Timu iliyokata kwa beti inaweza kuipandisha kadi hiyo juu ya orodha siku hiyo hiyo.

Hesabu ya madarasa sita

Wanafunzi wa sayansi hawatakiwi kukubali hoja kwa kuvutiwa na maneno. Tufanye hesabu.

Kijiji kinataka madarasa 6. Tuchukulie kwamba kila darasa lina hatua tatu, msingi, kuta na paa, na kila hatua huchukua kikundi cha mafundi siku 20. Kwa hiyo darasa moja huchukua siku 60, na yote sita huchukua siku 360. Kikundi ni kimoja, na juhudi yake ni ile ile kwa njia zote mbili.

Kwa njia ya beti, darasa la kwanza linafunguliwa siku ya 60, la pili siku ya 120, na kuendelea hivyo hadi la sita siku ya 360. Kwa njia ya tabaka, misingi yote inakwisha siku ya 120 na kuta zote siku ya 240. Darasa la kwanza linaezekwa siku ya 260, la pili siku ya 280, na la sita siku ya 360.

Sasa tuhesabu siku ambazo wanafunzi wamekaa chini ya paa kabla ya siku ya 360. Kwa njia ya beti ni 300 + 240 + 180 + 120 + 60 + 0, jumla siku 900 za darasa. Kwa njia ya tabaka ni 100 + 80 + 60 + 40 + 20 + 0, jumla siku 300. Mafundi ni wale wale, matofali ni yale yale, siku ya kumaliza ni ile ile, lakini faida ya mwaka wa kwanza imepungua hadi theluthi moja.

Tofauti inakuwa kubwa zaidi fedha zikikatika. Tuseme zimekwisha siku ya 240. Kijiji kilichokata kwa beti kina madarasa manne yanayotumika, na viwanja viwili vitupu ambavyo havimdai mtu chochote. Kijiji kilichokata kwa tabaka kina maboma sita na mvua ya masika inakuja.

Hesabu hii ina kanuni ya jumla nyuma yake. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, John Little, alitoa uthibitisho wa kihisabati kwamba, katika mfumo uliotulia, wastani wa kazi zilizo wazi ni sawa na kasi ya kuingia kwa kazi ukizidisha kwa muda ambao kila kazi hukaa ndani. Kanuni hiyo yahusu foleni ya mashine ya kusaga kama inavyohusu kadi za ubaoni. Katika mfano wetu kasi ni darasa moja kwa kila siku 60 kwa njia zote mbili. Kwa njia ya beti kila darasa hukaa wazi siku 60, kwa hiyo lililo wazi wakati wowote ni moja. Kwa njia ya tabaka kila darasa hukaa wazi siku 260 tangu msingi wake uanze mpaka liezekwe. Gawanya 260 kwa 60, utapata kwamba kwa wastani yako wazi zaidi ya manne. Kila kazi iliyo wazi ni mali iliyofungwa: saruji iliyotumika, mbao zinazonyeshewa, nguvu za watu zilizotolewa bila malipo bado. Ndiyo sababu timu nyingi huweka kikomo cha idadi ya kadi zinazoruhusiwa kukaa katika safu ya kazi zinazofanywa.

Miteremko ya Usambara

Hoja yaweza kuwa sahihi darasani na ikashindwa shambani. Kwa hiyo tuipeleke Lushoto.

Usambara Magharibi ni milima yenye miteremko mikali, mvua za masika na vuli, na watu wengi katika eneo dogo. Udongo ukilimwa bila kinga hushuka mabondeni. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na katika miaka ya 1950 mpango huo ulipanuliwa katika sehemu nyingine za Usambara. Wakulima waliamriwa kulima matuta katika mashamba yao, na asiyetii aliadhibiwa. Wananchi waliupinga mpango huo kwa nguvu, upinzani ukaungana na harakati za kudai uhuru, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukavunjika. Mwanahistoria Steven Feierman ameeleza habari hizi kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu Wasambaa.

Sababu za upinzani zilikuwa nyingi, na kubwa kati yake ni shuruti ya kikoloni. Sitaki msomaji adhani kwamba mambo ya utawala yaweza kuelezwa yote kwa ubao wa kadi. Hata hivyo, yafaa tuutazame ule mgawanyo wa kazi. Kilichotakiwa kwa mkulima kilikuwa tabaka moja tu la hifadhi, yaani matuta, na kilichokaguliwa ni matuta hayo. Tuta lililokamilika halikumpa mkulima chakula zaidi msimu ule. Lilimpa kazi ya ziada. Kwa lugha ya daftari letu, kadi ilifungwa kwa furaha ya mkaguzi, na mwenye shamba hakupata cha kutumia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulianza wilayani Lushoto mradi mwingine, wa kudhibiti mmomonyoko wa udongo na kuendeleza kilimo mseto, kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani. Mradi huo, uliojulikana kwa kifupi kama SECAP, uliendelea hadi mwaka 2000. Katika mbinu zake za awali ulihimiza mistari ya kontua iliyopandwa mchanganyiko: majani ya guatemala au mabingobingo, pamoja na miti kama mgrevilea. Majani hayo hukatwa na kulishwa ng'ombe bandani. Ng'ombe hutoa maziwa na samadi. Samadi hurudi shambani. Miti hutoa kuni na mbao. Mstari mmoja wa namna hii, hata kama ndio wa pekee katika shamba zima, una matabaka yote ndani yake: kuzuia maji, kushika udongo, lishe, na rutuba. Huo ni ubeti unaojitosheleza.

Fikiria sasa mtu aikate kazi hiyo kwa tabaka: mwaka huu kata nzima ichimbe matuta, mwaka ujao ipande majani, mwaka wa tatu ipande miti. Masika ya kwanza yatakuta kingo za matuta hazina mizizi ya kuzishika. Kingo tupu katika mteremko mkali hubomoka, na udongo uliochimbuliwa ndio unaotangulia kuchukuliwa na maji. Kwa hiyo hapa mgawanyo mbaya una madhara makubwa kuliko kuchelewesha faida: waweza kuharibu hata kile kilichokwisha kufanywa.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba mbinu za mradi huu hazikuenea katika kila shamba. Matuta ya ngazi yanataka nguvu nyingi, faida yake huchelewa, na kaya yenye watu wachache haiwezi kuyasubiri. Hilo linathibitisha kwamba ukubwa wa kipande hupimwa kwa uwezo wa yule atakayekibeba, wala si kwa ramani ya mpangaji.

Utendi usipotee ndani ya beti

Baadhi ya watu wakisikia hoja hii hukimbilia upande wa pili. Husema, "Basi tuache mipango mikubwa, kila mtu afanye kipande chake." Hili nalo ni kosa, na milima hutuonyesha kwa nini.

Maji ya mvua hayajui mpaka wa shamba. Mkulima wa juu akichimba mfereji na kuuelekeza pembeni, amejiokoa na kumtumia jirani yake wa chini gharika. Mti wa mkaratusi uliopandwa mpakani au karibu na chemchemi hunywa maji ya watu ambao hawakuupanda. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa kilimo walifanya kazi na wakulima wa Kwalei na vijiji jirani, katika bonde la Baga, wakishughulika na matatizo ya aina hii ambayo kaya moja haiwezi kuyamaliza peke yake. Walilazimika kuutazama mteremko mzima na watu wake wote kwa pamoja.

Hiyo ndiyo kazi ya ngazi ya juu katika daftari. Utendi wa kazi hauandikwi ili mtu aufanye wote kwa mara moja. Huandikwa ili kila hadithi ijue ni ya mteremko upi, ili mpangilio uonekane, na ili vizuizi vitajwe. Katika kuhifadhi mteremko, yafaa kuanza juu na kushuka, kwa sababu maji yanatoka juu. Kadi ya mfereji wa juu inazuia kadi ya matuta ya chini. Programu za kufuatilia kazi huruhusu kadi mbili kuunganishwa kwa namna hiyo, na timu ikitazama ubao huona mara moja ni kadi ipi ikichelewa itazichelewesha nyingine.

Kuna makosa mawili ya kawaida katika ngazi hii. La kwanza ni kuuita utendi kitu ambacho si kazi bali ni mada. "Kuboresha mazingira" si utendi. Hakuna siku ambayo mtu atasema umekwisha. Mada kama hiyo ifanywe lebo ya kubandika juu ya kadi nyingi. Utendi ni huu: "Mteremko wa juu ya chemchemi ya shule uwe na mistari ya majani kutoka kileleni hadi chini, na kila kaya iliyomo iwe na mstari mmoja unaokatwa lishe." Hapo pana mwisho unaoweza kukaguliwa kwa macho. Kosa la pili ni kuuacha utendi wazi miaka na miaka, ukiongezewa hadithi mpya kila mwezi kama gunia lisilojaa. Dawa yake ni kuandika sharti la mwisho siku ya kwanza, na sharti likitimia kuufunga, hata kama yapo mengine ya kutamani. Hayo mengine yaandikiwe utendi wake.

Pingamizi

Naweza kusikia mafundi wakipinga, na baadhi ya pingamizi zao zina uzito.

Wa kwanza atasema kwamba kufanya tabaka kwa pamoja ni nafuu. Lori moja likipanda kutoka Mombo kupitia Soni na saruji ya madarasa sita hugharimu chini ya malori sita. Tanuru moja la matofali hutumia kuni chache kuliko matanuru madogo mengi. Hii ni kweli, wala ajaili haikatazi kununua kwa pamoja. Linaloonywa ni kufungua kwa pamoja. Matofali yaweza kuchomwa yote mara moja na kutunzwa, huku darasa moja tu likijengwa. Saruji, kwa upande wake, huharibika kwa unyevu, hasa katika ukungu wa Magamba. Hiyo yenyewe ni sababu ya kutoiagiza yote mapema.

Wa pili atasema kwamba zipo kazi zisizokatika, kama daraja: nusu ya daraja haivushi mtu. Nakubali. Lakini kazi hizo ni chache kuliko tunavyodhani. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Ilikuwa reli ya wakoloni kwa faida yao, lakini kihandisi inatufundisha jambo: kwa miaka ile yote kabla ya kufika Moshi, treni zilikuwa zikipita na mizigo katika sehemu iliyokwisha kutandikwa. Kama tuta lote la njia lingemwagwa kwanza mpaka Moshi, kisha mataruma yote, kisha vyuma vyote, hakuna behewa ambalo lingetembea kwa miaka mingi. Vivyo hivyo bomba la maji ya mtiririko: kituo cha kwanza cha kuchotea chaweza kufunguliwa karibu na chanzo huku mtaro ukiendelea kuteremka kijijini.

Wa tatu atasema kwamba madaftari haya huzaa urasimu: watu husogeza kadi badala ya kufanya kazi, na wakubwa huhesabu kadi badala ya kutazama kilichofanywa. Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote, na mkaguzi wa matuta wa miaka ya 1950 ni shahidi wake. Hakuna programu inayoweza kuizuia tabia hiyo. Kinachosaidia ni sharti moja: kadi isifungwe na aliyeifanya wala na msimamizi wake, bali na mtu aliyetajwa ndani ya hadithi kuwa ndiye mwenye kufaidika. Muuguzi aseme kwamba ametuma taarifa. Mkulima aseme kwamba amekata majani. Mwalimu aseme kwamba amefundisha ndani ya darasa hilo.

Mapendekezo

Kwa walimu wa shule za sekondari napendekeza mambo matatu.

Kwanza, jambo hili lifundishwe kwa karatasi ya manila na vikaratasi, bila kusubiri maabara ya kompyuta. Chagueni utendi mmoja wa shule, kwa mfano kitalu cha miche 500. Wanafunzi watashawishika kuandika kadi za tabaka: kujaza viriba vyote, kupanda mbegu zote, kujenga kivuli chote. Waulizwe: miche hamsini ya kwanza, yenye viriba, mbegu, kivuli na zamu ya kumwagilia, yaweza kuwa tayari lini, na nani ataipanda wapi? Hapo wataona wenyewe mahali pa kukata. Shule yenye kompyuta iendelee kwenye programu ya bure, na wanafunzi waone kwamba ni ubao ule ule.

Pili, hesabu ya madarasa sita irudiwe na wanafunzi kwa takwimu za kijiji chao: siku za msingi, za kuta na za paa wazipate kwa mafundi. Hatua hizo hazitakuwa sawa kama nilivyochukulia, na tofauti hiyo itawafundisha zaidi kuliko mfano wangu. Wachore grafu ya madarasa yaliyofunguliwa kwa kila siku, kisha walinganishe eneo lililo chini ya kila mstari.

Tatu, wanafunzi wapeleke matokeo yao kwenye kamati ya shule na serikali ya kijiji. Kwa miaka mingi desturi imekuwa wananchi kuinua kuta kwa msaragambo na michango yao, kisha kuisubiri serikali iezeke. Nia ya kugawana mzigo ni njema, lakini mpaka wa mgawanyo umepita katikati ya tabaka, kati ya kuta na paa, na ndipo maboma yanapokaa. Hapana budi mpaka huo uhamishwe. Mchango wa wananchi na mchango wa serikali ukutane katika darasa moja, kuanzia msingi hadi bati, kabla ya jiwe la darasa linalofuata kuwekwa. Kijiji kitakachokubaliana hivyo kwa maandishi, na kutundika ubao wake mahali ambapo kila mzazi anaupita, kitakuwa kimefanya jaribio la sayansi lenye manufaa kwa nchi nzima. Nasi wasomaji wa jarida hili tungependa kuona takwimu zake.